Wiki sita katika kliniki ya fiziotherapia: maoni ya mfanyabiashara wa dagaa, Mwanza

Nimefanya biashara ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, kwa miaka 11, na karibu muda wote huo niliamini kwamba mgongo wangu unauma kwa sababu ya gunia moja nililowahi kulinyanyua vibaya. Kliniki ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, niliyohudhuria kwa wiki 6 katikati ya jiji ilinionyesha kwamba gunia lile lilikuwa sehemu ndogo tu ya habari, na ni kwa sababu hiyo hasa ninaisifu.

Siku ya kwanza mtaalamu hakunigusa kwa takriban nusu saa. "Mama, nieleze siku yako tangu unapoamka," alisema, kisha akataka kujua ninainama kwa muda gani ninapoanika na kugeuza dagaa mchangani, kama huwa ninajipinda nikiwa na mzigo mikononi, ninakaa kiasi gani juu ya bodaboda ninapokwenda Igombe kununua, ninalala saa ngapi, kama ninavuta sigara, na kama nina jambo linalonisumbua moyoni. Nilipomwambia kwamba sioni madeni yanayonisumbua yanahusianaje na kiuno, alinifafanulia kwa utulivu kwamba maumivu mengi ya sehemu ya chini ya mgongo hayana chanzo kimoja cha kunyooshewa kidole, bali hutokana na mambo yanayojumuika: kuinama na kujipinda kila siku, mtikisiko wa safari, uzito wa mwili, sigara, usingizi haba na msongo wa mawazo, ambao huufanya mwili uhisi maumivu kwa ukali zaidi. Aliongeza kwamba diski zilizochakaa, yaani vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, huonekana hata kwenye picha za watu wasioumwa kabisa, na kwa hiyo hakunituma kupiga eksirei, ingawa nilikuwa nimekwisha kutenga fedha zake.

Hakupuuza hatari, hata hivyo. Aliniuliza kuhusu homa, kukonda na kikohozi cha muda mrefu, kwa kuwa kifua kikuu huweza kushambulia pingili za uti wa mgongo, na akanisisitiza kwamba nikipata ganzi sehemu za siri, nikishindwa kutoa au kuzuia mkojo, au mguu ukianza kulegea, niende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri miadi yake. Sijawahi kuelezwa hayo mahali pengine popote.

Nilikuwa nimenunua mkanda wa kiuno kwa shilingi 45,000, na nilikuwa nikiufunga kutwa nzima. Alinishauri niuache polepole, akaniambia kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haupendekezi mikanda hiyo kwa maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo. Badala yake alinipa mazoezi manne ya nyumbani, akanihimiza nitembee kila jioni, na akanitaka niache kuanika mchangani, nitengeneze chanja ya kuanikia dagaa inayofika usawa wa kiuno. Miti na nyavu za chanja hiyo zilinigharimu kidogo kuliko mkanda, na kwa maoni yangu zimenisaidia kuliko kitu kingine chochote. Maumivu hayajaisha; siku za mzigo mwingi, baada ya usiku wa giza usio na mwezi ambapo wavuvi hupata dagaa wengi, bado ninayahisi, lakini sasa ninalala usiku kucha.

Kasoro zipo. Kliniki iko ghorofa ya pili na ngazi zake ni za mwinuko mkali, jambo linalowatesa wagonjwa walewale inaowahudumia. Mara mbili nilisubiri zaidi ya saa moja na nusu. Karatasi ya mazoezi imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, na ninasikitika kufikiria mama wa Kayenze anayerudi nayo nyumbani bila kuielewa. Mimi nilimwomba mtaalamu anisomee, nikaandika mwenyewe kwa Kiswahili pembeni. Atakayekwenda afike mapema asubuhi, achukue kalamu, na aombe afanyiwe vivyo hivyo kabla hajashuka ngazi.