Mvinyo mzuri, katoni ya pili sikuiagiza: nyota mbili

Nianze na mvinyo wenyewe, maana ndio niliokuwa nautaka. Chupa kumi na mbili kwa paundi 59.88, yaani 4.99 kila moja, na usafiri paundi 9.99. Vocha ya klabu hii ya mvinyo niliikuta ndani ya boksi la viatu vya kazini nilivyoagiza mtandaoni, na kipaimara cha binti yetu kilikuwa kimebaki wiki tatu. Nikasema Mungu si Athumani.

Mzigo ulifika siku ya tatu, hakuna chupa iliyovunjika. Kijana aliyeuleta aliniuliza kama nimetimiza miaka 18. Mimi, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi! Nikamwambia nimetimiza mara mbili na chenji ikabaki.

Ile nyekundu, Malbec ya Argentina, ilikuwa nzito, na kwa mbuzi wa kuchoma ilikwenda vizuri mno. Ile nyeupe, Sauvignon Blanc, wageni waliibatiza "ndimu". Sisi tuliozoea waini tamu ya Dodoma, mvinyo mkavu namna ile unakukausha ulimi. Wifi yangu alimiminia soda kwenye glasi yake mbele za watu na wala hakuona haya. Siku hiyo ungeniuliza ningewapa nyota nne.

Miezi mitatu ikapita. Jumamosi moja asubuhi natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikapitia dukani kuchukua mchele, mafuta na mapaja ya kuku. Kadi ikakataa. Nikaichomeka nikaweka namba ya siri, ikakataa tena. Nyuma yangu foleni, mtu anakohoa kile kikohozi cha kukuharakisha. Nikaacha kikapu palepale. Ndani ya gari nikafungua programu ya benki: paundi 129.87 zimekwenda kwa jina la kampuni nisiyoijua kabisa. Nikajua nimeibiwa. Nikampigia mzee wangu, akapokea na usingizi wake: "Sasa Mama, ile katoni iliyoletwa jana nikaiweka chini ya ngazi, si yako?"

Kumbe jina linalotokea benki si jina la klabu.

Nikarudi kwenye barua pepe ya siku ile ya kwanza. Niseme haki, hawakudanganya. Mwishoni kabisa kuna maandishi madogo ya kijivu: ukichukua ofa hii umekuwa mwanachama, na kila baada ya wiki 12 utaletewa katoni nyingine mpaka useme basi. Bei ya hiyo katoni nyingine haipo pale, lazima ubonyeze uende ukurasa mwingine. Na kikumbusho walituma, siku tisa kabla, ila kimevaa nguo za tangazo: majani ya vuli, glasi, maneno matamu. Kilikuwa kimelala kwenye folda ya matangazo pamoja na pizza. Wangeandika 129.87 pembeni ya 59.88, kwa tarakimu kubwa zilezile, ningechukua ya kwanza na kuikataa ya pili siku hiyohiyo.

Kujiunga ni kubonyeza mara mbili. Kujitoa ni kupiga simu, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilipiga Jumatatu saa tatu asubuhi, nikakaa hewani dakika 26. Kijana mpole sana. Kwanza akaniomba niruke katoni moja tu nisijitoe. Halafu punguzo la paundi 30. Halafu chupa ya bure ya Prosecco, ule mvinyo wa povu. Nikamwambia, mwanangu, mimi kila usiku nabembelezwa na wazee wenye kisukari niwaongezee biskuti, sibembelezeki.

Kilichonisaidia ni kwamba katoni sikuifungua. Sheria ya hapa Uingereza inakupa siku 14 tangu mzigo ukufikie kubadili mawazo kwa kitu ulichonunua kwa mbali, bila kwenda dukani. Walikuja kuichukua, na baada ya siku kumi zikarudi paundi 119.88. Zile 9.99 wamezikata za kuja kuibeba.

Na benki usiache kuwapigia. Nilikuwa nimeitafuta klabu kwenye orodha ya malipo ya kila mwezi, pale penye umeme na kodi ya halmashauri, sikuiona. Dada wa benki akanieleza kwamba ile ni ruhusa niliyoipa klabu ya kukata pesa kwenye kadi yangu, haikai kwenye orodha ile, na nikiwaambia waisimamishe lazima waisimamishe, hata kama klabu haijakubali. Nikamwambia asimamishe sasa hivi. Akauliza, na hii nyingine je? Ipi? Programu ya kujifunza Kifaransa, paundi 6.99 kila mwezi, tangu Machi.

Nyumba nzima hakuna anayejua hata kusalimia kwa Kifaransa.