Uzoefu wangu: kamera na CT skani ya thieta kwa skrubu za uti wa mgongo

Kwa skrubu za pedikeli, ule mfupa mwembamba unaounganisha mbele na nyuma ya pingili, mfumo ninaoukubali ni wa kupiga CT skani humo humo thieta (chumba cha upasuaji), mgonjwa akishalala kifudifudi; kisha kamera inafuatilia vifaa vyangu, na kompyuta inanionyesha kwenye kioo cha skrini viko wapi ndani ya mfupa. Skani ya siku zilizopita ilipigwa akiwa chali, na pingili hubadili mkao anapogeuzwa. Ukiitumia hiyo, kwa kawaida unalazimika kuoanisha picha na mgonjwa pingili moja moja kwa kugusa mfupa. Na nyama isiposafishwa vizuri, kompyuta inachukua nyama kuwa mfupa.

Roho ya kazi ni fremu ya rejea. Inabanwa kwenye mwiba wa pingili, yaani mfupa unaochomoza nyuma, na gololi zake huakisi miali ya infraredi hadi kwenye kamera, ili kompyuta ijue mgongo uko wapi. Ikaze kabla ya skani, kamwe usiiguse baadaye. Wakati wa skani, mtaalamu wa usingizi asimamishe pumzi za mashine kwa muda ili picha isitikisike. Kiwiko kikiigonga fremu, milimita 2 zinaweza kupotea, na kioo kitaendelea kuonyesha picha safi. Hii ndiyo kasoro inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu kwenye pedikeli za katikati ya kifua, T4 hadi T6, milimita 2 zinatosha kukutoa nje ya mfupa, na uti wenyewe, ile kamba ya neva, uko pale pale kando. Kwa hiyo kabla ya kila skrubu weka ncha ya kiashirio juu ya mfupa unaouona kwa macho yako. Kioo kikisema kitu kingine, piga skani upya. Usikisie.

Kamera ikizibwa au gololi zikirukiwa na damu, picha hukwama; hilo ni dogo, zifute au badilisha. Kubwa ni nguvu ya mkono. Ukisukuma sana wakati wa kutoboa, pingili inazama huku fremu ikibaki juu ya jirani yake, na kioo hakijui. Kadiri unavyokwenda mbali na fremu, ndivyo kosa linavyokua. Kwa mgongo mrefu uliopinda, ihamishe na upige skani tena. Tena, maliza skrubu zote kabla ya kuondoa mfupa wa nyuma, maana ukishauondoa pingili hulegea.

Thamani yake naiona kwenye mgongo uliopinda na kwa mgonjwa aliyewahi kupasuliwa, ambako alama za mfupa zimepotea. Kwa L4-L5 ya kawaida, yaani pingili mbili za chini kiunoni, anayeijua vizuri eksirei ya C-arm, ile mashine ya thieta yenye mkono wa umbo la C, hapungukiwi kitu. Wafanyakazi wanaweza kutoka nje skani ikipigwa, lakini mgonjwa anabeba mionzi yote, kwa hiyo sipendi skani za ovyo. Moja tu sikubali iachwe: ile ya mwisho, kabla ya kushona kidonda, wakati skrubu iliyokosea bado inatoka kwa bisibisi ile ile.