Seti ya poka ya kopo la bati: karata safi sana, chipsi ndo chache

Wakuu, kama na nyie mnacheza holdemu ya limiti nyumbani (poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani, dau lina kiwango chake) hii seti naisifia kabisa, shida yake ni chipsi tu. Ni kopo la bati, ndani kuna chipsi 200 za kuwekea dau, pakiti mbili za karata za plastiki, kitambaa cha kijani na kile kiduara cha kuonesha nani anagawa. Nimeichukua kwenye duka moja hapa Mwanga, Kigoma mjini, kwa 45,000, mzigo wao unatoka Dar.

Karata kwanza maana ndo roho ya seti. Za karatasi hapa kwetu hazikai, unyevu wa ziwa unazivimbisha halafu watu wanacheza huku wanatafuna mgebuka wa kukaanga, wiki haiishi ree ya shupaza imekunjika kona na meza nzima inaijua kwa mgongo. Sasa jozi ya ree mkononi inakuja kwa wastani mara moja kwenye migao 221, umeisubiri usiku mzima, imekuja, na mwenzio kaiona kona anatupa zake chap. Inauma. Hizi za plastiki unapitisha kitambaa chenye maji kidogo unaendelea, ukiipinda inarudi yenyewe, migongo yote sawasawa.

Na kwenye limiti hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye ile isiyo na limiti unaweza kusukuma zote ukamaliza kazi mapema, huku dau limefungwa: meza ya 2 na 4, kabla ya flopu (zile karata tatu za kwanza za mezani) na kwenye flopu dau ni 2, karata ya nne na ya tano dau ni 4, na kwa kawaida kila raundi ni dau moja na kupandisha mara tatu basi. Kwa hiyo jozi kubwa inalipwa kidogokidogo na watu ambao hawajui umeshika nini. Ndo maana kila siku nawaambia vijana wa mezani kwetu, ukipata ree mbili, wafalme au malkia, pandisha, mwenzio akipandisha na wewe pandisha tena, habari za kujificha achana nazo. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama asilimia 85, wakikufuata wanne zinashuka mpaka kama 56, na watu wa huku kwa kufuata hawajambo.

Juzi dada mmoja alikuwa na ree ya kopa na ya pau, flopu ikaja 9 na 6 za shupaza na 2 ya uru, akapita bila kuweka dau eti anawavizia. Wote wakapita, wakaona karata ya nne bure, shupaza hiyo! Kijana mwenye shupaza zake mbili kakamilisha shupaza tano, zinazipiga ree mbili, na dada kalipa mpaka mwisho. Mtu wa hivyo ukienda naye toka flopu hadi karata ya tano anakamilisha kama mara 35 kwa 100, kwenye limiti huwezi kumfukuza ila unaweza kumlipisha kila hatua, sasa kwa nini umpe bure? Wafalme wawili nao watu wanawaogopea ree bure tu, inatokea kwenye flopu kama asilimia 23. Malkia ndo wa kuwa nao makini, hapo ree au mfalme inatokea kama asilimia 41.

Haya, chipsi. Sisi kila moja tunaihesabu 1, hatuchezi kwa hela. Mkono mmoja ukipandishwa mpaka mwisho kila raundi ni 8+8+16+16, yaani 48 kwa mtu. Mkiwa wanne kila mtu anaanza na 50, mnapumua. Mkiwa sita ni 33, mtu ana ree mbili na chipsi zimeisha karata ya nne, pale pale anapotakiwa alipwe. Mkiwa sita chukueni kopo mbili.

Kitambaa ni chepesi, kinajikunja. Pia kopa na uru rangi zake zinafanana mno umeme ukikatika mkabaki na taa ya sola. Na kabla hujalipa fungua pakiti zote mbili uzishike, kuna kopo nyingine zinafanana kabisa na hii ila ndani pakiti moja ni ya karatasi.