Wodi ya watoto wachanga iliyompokea mwanangu na degedege: maoni yangu baada ya miezi 14

Nyota 4 kati ya 5.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka 16 nashonea cherehani ya kukanyaga, na naamini ndiyo sababu niliona kabla ya wenzangu wote mle ndani. Mwanangu alikuwa na saa 15 tangu azaliwe. Nimemlaza kwenye kanga, namtazama tu, mara mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga. Kurusha miguu nakujua, kila kichanga hurusha, ovyo ovyo, huku na huku. Huu ulikwenda mwendo mmoja, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mtu anayeshona pindo refu la pazia. Midomo ikawa inanyonya na titi halipo. Macho yakaenda upande wa kushoto yakabaki hukohuko. Nikampuliza usoni, nikamgusa shavu. Hakunijua.

Naandika haya kwa ajili ya wodi iliyotupokea usiku ule, lakini hamtaielewa bila kujua tulikotoka.

Uchungu wangu ulichukua muda mrefu. Mtoto alipotoka hakulia. Alikuwa mlegevu, rangi kama ya jivu. Mkunga alimkausha, akamsugua mgongo, akaona hapumui, akachukua kile kimfuko cha kupulizia hewa chenye barakoa akaanza kumpulizia palepale, mimi bado niko kitandani sijatolewa kondo. Dakika kama 5 hivi, kisha kikaja kilio chembamba. Mkunga yule namwombea kila siku. Baadaye nimejifunza kwamba wanaiita dakika ya dhahabu, yaani mtoto asiyepumua asaidiwe ndani ya dakika yake ya kwanza, na kwamba hapa Tanzania wakunga walipofundishwa hivyo, ripoti ya mwaka 2013 kutoka hospitali 8 ilionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Nilipoisoma nililia.

Shida ilikuja jioni, zamu ilipobadilika. Nilimwita muuguzi, nikamwonyesha mguu. Akatazama kidogo. "Anaota huyo, mama. Mnyonyeshe." Ukatulia. Baada ya saa moja ukarudi. Safari hii shangazi wa mume wangu alikuwepo, akaona macho yalivyogeuka, akanivuta pembeni. "Mwanangu, hilo dege. Usikubali achomwe sindano, sindano na dege haviendi pamoja. Tumtoe tumpeleke akafukizwe." Simlaumu. Sisi wa Pwani tumekua tukisikia habari za ndege anayepita usiku akamwangukia mtoto, na jina lenyewe la degedege limetoka huko. Shangazi amezika watoto wawili, na anayoyajua aliyapata kwa machungu.

Mara ya tatu midomo ikawa ya bluu. Nikawasha kamera ya simu. Dakika 1 na sekunde 40. Nilitembea huku nashika ukuta, damu inanitoka, nikamtafuta tabibu wa zamu, nikamwekea video mbele ya macho. Hakuimaliza. Akapiga simu ya gari la wagonjwa.

Sasa wodi.

Tulifika karibu saa nne usiku. Nilitegemea tuambiwe tukae kwenye benchi tuandikishwe. Muuguzi wa zamu alimpokea mtoto mikononi mwangu, akamweka kwenye kitanda cha joto, na kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya kuuliza jina langu, alimtoboa kisigino akapima sukari. Kipimo kikasoma 1.9. Akanigeukia, "Mama, sukari ya mtoto iko chini, inatakiwa isipungue 2.5. Hii peke yake inaweza kumtia degedege. Tunampa sasa hivi." Uzito kilo 2.8, akapiga hesabu kwa sauti, mililita 2 kwa kila kilo, akavuta mililita 5.6 za maji ya sukari ya asilimia 10, akasukuma taratibu kwenye mshipa. Mwenzake anaweka oksijeni. Hakuna aliyekimbia na hakuna aliyegomba.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndilo ninalopimia hospitali sasa. Mtoto anakufa kwa sukari kushuka, au anabaki na ubongo ulioumia, na kipimo chake ni tone moja la damu. Kule tulikotoka hakuna aliyempima, saa zote zile. Mwanangu alikuwa amenyonya mara mbili tu, na kwa udhaifu mno.

Sukari ilipanda, lakini mguu ukakanyaga tena. Hapo nikaona kitu ambacho sitakisahau. Daktari, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, alikunja mguu wa mtoto polepole akaushika katika kiganja chake, akatulia. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka palepale. "Sikia, mama. Mtoto anayetetemeka tu kwa baridi au njaa, ukimshika hivi anaacha. Huyu haachi." Kweli. Nilisikia mguu ukigonga chini ya kiganja changu, tup, tup, tup, vilevile, kama gurudumu la cherehani ukiliwekea mkono na bado linataka kwenda. Sikuwa naota, na yeye hakuwa anaota.

Wakampa fenobabitoni, dawa ya kutuliza degedege, kwenye mshipa, miligramu 20 kwa kila kilo, jumla 56, wakaipitisha taratibu kama dakika 20, muuguzi amesimama pale anahesabu pumzi, maana dawa hiyo inaweza kumpunguzia mtoto kupumua. Saa saba usiku mguu ukanyamaza.

Daktari alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa (viti havipo, nitafika huko) akaniuliza mambo ambayo kule hakuna aliyeniuliza. Kilianza saa ngapi? Upande gani? Macho yalienda wapi? Alibadilika rangi? Akaiangalia video mara tatu. Akanieleza kwamba degedege ya kichanga haifanani na ya mtoto mkubwa, mara chache utaona mwili mzima unakakamaa na kutikisika. Inajificha. Midomo kunyonya bure, macho kuganda, miguu kukanyaga kama baiskeli, au pumzi kusimama tu kwa muda. Na kwa kichanga karibu kila mara kuna kitu kinachoisababisha. Kwa watoto wengi ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, wengine ni sukari au chumvichumvi za mwilini kushuka, wengine maambukizi yaliyofika kwenye ubongo, wengine damu kuvujia kichwani. Kazi yao usiku ule ilikuwa kutafuta ni kipi.

Kwa hiyo wakataka kutoa maji ya uti wa mgongo. Hapo niligoma. Nilishasikia watu wakisema mtoto akichomwa mgongoni anapooza. Daktari hakunitisha wala hakuniletea karatasi nitie dole. Alinishikisha mfupa wa kiuno changu mwenyewe, akanionyesha sindano inapoingia na uti wenyewe unapoishia juu zaidi, akasema bila maji hayo hawezi kujua kama ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba dawa za kuua vijidudu wanaanza leo leo bila kungoja majibu. Nikakubali. Majibu yakatoka safi. Kesho yake wakampiga utrasaundi kupitia utosi, pale panapodunda, maana mfupa bado haujafunga. Hapakuwa na damu. Wakasema ni hewa aliyoikosa, na sukari ikaongezea.

Tulikaa siku 11. Kila baada ya saa 3 nilikamua maziwa kwenye kikombe, yakapita kwenye mpira mwembamba wa puani. Muuguzi mmoja wa makamo alinifundisha kukamua bila kuumia, na akanikataza kutupa yale ya mwanzo ya njano. Siku ya sita mwanangu alinyonya mwenyewe, akaniuma kwa ufizi, nikacheka mpaka wenzangu wakaamka.

Sasa jambo lililonipa wasiwasi kuliko yote, na nataka mama mwingine alisome hapa kabla halijamkuta. Siku mbili kabla ya kuruhusiwa walisimamisha fenobabitoni. Wakaacha kabisa. Mimi nilitegemea chupa ya kwenda nayo nyumbani, mwaka mzima, miaka miwili. Nilidhani dawa imeisha stoo wanaficha. Nilimfuata daktari bingwa wa watoto kwenye raundi nikamuuliza mbele za watu, kwa ukali. Akasimama, akajibu kama vile ana siku nzima. Mwanao alipata degedege kwa sababu ubongo ulikosa hewa na sukari. Sababu imepita, degedege imekoma, nimempima yuko sawa kwa sasa. Kuendelea na dawa miezi na miezi hakumkingi na kifafa baadaye, na kunamlaza usingizi wakati ubongo unatakiwa ujifunze. Nikamuuliza, kwani huyu ana kifafa? Akasema hapana, kifafa ni jina la kitu kingine. Baadhi ya watoto waliopita hapa hukipata baadaye, wengi hawakipati, na ndiyo maana nataka nimwone kliniki kila alipopangiwa.

Neno hilo nililishika. Nyumbani nilikuta limeshatangulia, jirani ameshasema mtoto wa fundi ana kifafa. Nilirudia maneno ya daktari kwa kila aliyekuja kumwona mtoto, mmoja mmoja, mpaka shangazi naye akawa anayasema kwa niaba yangu.

Sasa nyota niliyoitoa. Sitoi kwa ajili ya watu, natoa kwa ajili ya walichokosa. Hospitali haikuwa na mashine ya kupima umeme wa ubongo. Daktari mwenyewe aliniambia, tena kwa uchungu, kwamba kwa kichanga dawa inaweza kunyamazisha mguu na macho huku ubongo ndani bado unaendelea, na bila mashine ile jicho la mtu haliwezi kujua. Hebu fikirieni kumlinda mtoto usiku kucha huku unajua unachokilinda hukioni. Naombeni mwenye nafasi ya kulisema hili mahali panapohusika aliseme.

Viti pia. Mama aliyejifungua jana, mwenye mshono, anakaa kwenye ndoo au anasimama. Chumba cha akina mama kulala kiko jengo lingine, na usiku unapita uwanjani kwenye giza kila saa 3. Mvua ilinikuta mara mbili. Wafanyakazi ni wachache. Usiku mmoja niliwahesabu, wauguzi wawili kwa watoto 23, na hapo ndipo nilipoacha kuwaita kwa vitu vidogo. Matibabu hatukulipia, mtoto chini ya miaka 5 ni bure, ila kanula mbili, vile vimpira vya kupitishia dawa mshipani, tulinunua duka la nje kwa sababu za saizi ndogo zilikuwa zimeisha, na nepi ni zako.

Kliniki ya ufuatiliaji naipa nyota 5. Ni siku moja kwa wiki. Wanampima mzingo wa kichwa kwa futi ya kitambaa, na nawashukuru kwa kunipa kazi. Walipojua mimi ni fundi, nilianza kupima mwenyewe nyumbani kila mwezi na kuandika nyuma ya kadi. Wanaangalia anavyogeuza shingo, anavyoshika, anavyofuata kitu kwa macho. Miezi 5 ndipo daktari wa mazoezi alipoona mguu wa kulia umekaza kidogo kuliko wa kushoto. Mguu uleule. Nilikaa kimya muda mrefu. Akanifundisha kuunyoosha mara tatu kwa siku, wakati wa kumwogesha ndiyo rahisi zaidi, maji ya uvuguvugu yanaulegeza. Alikaa peke yake na miezi 9. Degedege haijarudi hata siku moja.

Leo ana miezi 14. Anasimama akishikilia meza ya cherehani, anatembea kwa kuizunguka, kisigino cha kulia kinachelewa kutua lakini kinatua. Nikikanyaga anainama kutazama miguu yangu, kisha anakanyaga chini na yeye, wa kushoto, wa kulia, anapotaka, na akitaka anaacha.

Kwa atakayepewa rufaa kuja wodi hii: njoo na kanga tatu, chupa ya chai, kikombe chenye mfuniko cha kukamulia, na tochi ya ule uwanja. Ukiona kitu kwa mtoto kinachokutia shaka, rekodi kwenye simu mwanzo hadi mwisho, mfunue miguu na uso vionekane, na uandike saa. Kliniki ni Jumatano. Namba zinaanza kutolewa saa moja asubuhi, ukifika saa mbili utakaa mpaka adhuhuri. Dirisha la kadi ni la pili kushoto, si lile lenye foleni ndefu.