Kuchagua Chipu ya Amplifaya: Anza na Umeme Ulio Nao

Mteja anayeingia katika duka la vipuri vya elektroniki mjini Kisumu kwa kawaida huuliza chipu ipi ina wati nyingi, ilhali anapaswa kuanza na umeme utakaoilisha. Huku kwetu, kuanzia Seme hadi Bondo, zipo nyumba zinazotegemea betri ya volti 12 inayochajiwa na sola, na volti hizo zina kikomo ambacho maandishi ya kwenye boksi hayawezi kukivuka. Chipu ya kawaida ikipewa volti 12 na spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) haiwezi kupita wati 4.5 za sauti safi. Ikiunganishwa kwa daraja, yaani spika isukumwe kutoka pande zote mbili, kikomo hupanda mara nne hadi wati 18 kwa hesabu, ingawa kwa vitendo hupungua kidogo.

Kwa sababu hiyo naiweka TPA3116D2 ya Texas Instruments nafasi ya kwanza. Hukubali volti 4.5 hadi 26, tayari imeundwa kwa daraja, na kwa kuwa ni ya kundi D (Class D), transista zake, yaani swichi ndogo za ndani, huwaka na kuzima kwa kasi kubwa, hivyo zaidi ya asilimia 90 ya nguvu inaweza kufika kwenye spika badala ya kugeuka joto. Kwa mwenye betri, hizo ni saa za ziada za muziki. Wati 50 zinazotajwa kwa kila upande hupatikana kwa volti 21 na spika za omu 4, tena sauti ikiwa imeshaanza kukwaruza. Chaja ya laptopu ya volti 19 na ampea 3.42 ina wati 65 tu kwa jumla, basi usitarajie 100 kutoka kwake. Kagua pia kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji) za bodi: ukitaka kutumia volti 24, zile za volti 25 ziko karibu mno na ukingo, tafuta za 35.

Nafasi ya pili ni LM3886, na kwa sauti ya kwaya au mhubiri mimi huipenda kuliko zote, mradi stima ipo. Kwa volti 28 chanya na 28 hasi hutoa wati 68 kwenye omu 4. Hata hivyo, transfoma na bati la kupoza joto vinaweza kugharimu zaidi ya chipu yenyewe, na mgongo wa chuma wa toleo la LM3886T umeungana na umeme hasi, kwa hiyo lazima uweke kipande cha maika, kisichopitisha umeme, kati yake na bati.

Anayejifunza achukue TDA7297, yenye vipuri vichache, na aiunganishe na spika za omu 8. PAM8403 inafaa redio ndogo ya volti 5. Volti 12 zitaiua papo hapo.

TDA7294 naiweka mwisho, si kwa ubaya wake, bali kwa wingi wa bandia. Ukiinunua, iwashe mara ya kwanza ukiwa umeunga balbu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfululizo na transfoma upande wa stima, na pasipo spika. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima mara moja, kagua miunganisho yako, na ikiwa haina kosa, irudishe chipu dukani.