Betri za karavani kwenye shamba lisilo na umeme: uzoefu wangu na kontrola ndogo ya sola ya Victron (MPPT)

Shamba letu liko Simanjiro, ambako nguzo za umeme bado hazijafika. Tukiwa huko tunalala kwenye karavani. Matumizi yetu si makubwa: friji ya volti 12, taa za LED, pampu ya maji, simu na laptop. Mlaji mkuu ni friji. Kwa joto la huku inakula ampia-saa 30 hadi 45 kwa siku, na vingine vyote ukivijumlisha havifikii hapo.

Karavani ilikuja na betri ya maji (ya risasi na asidi) ya saizi ya N100 na kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti chaji ya sola, ya aina ya PWM, zile za bei rahisi. Betri ikawa inachoka mapema, na kila fundi akishauri niongeze ya pili. Ushauri huo naupinga kwa nguvu zote. Betri ya maji inauawa zaidi na kukaa muda mrefu bila kujaa kuliko na kazi yenyewe. Ikilala kwenye volti 12.2, yaani nusu, salfeti inaganda kwenye bamba za risasi na uwezo wake wa kutunza umeme unazidi kupungua. Ukiongeza betri bila kuongeza chaji, unakuwa na betri mbili zenye njaa.

Ndipo nikafunga paneli mbili za wati 100, betri ya lithiamu (LiFePO4) ya ampia-saa 100, na kontrola ya Victron SmartSolar MPPT 75/15 (mwisho volti 75 kutoka kwenye paneli na ampia 15 za chaji). Katika hivyo vitatu, ningeombwa nibaki na kimoja, ningebaki na hiyo kontrola. Paneli ya wati 100 hutoa nguvu yake yote kwenye volti kama 18. PWM huiburuta hadi volti ya betri, 13 hivi, na kilichozidi kinapotea bure. MPPT hugeuza volti hizo za ziada kuwa ampia. Faida naiona zaidi asubuhi, paneli zikiwa bado za baridi na betri imeshuka baada ya friji kukesha.

Paneli nimeziunga kwa mfululizo, hivyo volti zake zinajumlishana. Bila mzigo zinafika kama 44, chini kabisa ya kikomo cha 75. Ampia kwenye waya zinabaki nusu ya zile za kuunga sambamba, na hasara ya njiani inashuka hadi robo. Hilo limetusaidia sana, kwa sababu karavani tumeiegesha chini ya mgunga tupate kupumua, na paneli ziko kwenye fremu uwanjani, waya wa milimita za mraba 6 ukivuta umeme hadi ndani. Kuzunguka fremu tumeweka boma la miiba, maana ng'ombe hupenda kujikuna popote penye pembe. Usiziweke paneli chini ya mti hata kidogo: kivuli cha tawi moja tu kinashusha umeme wa mfululizo mzima.

Kontrola hii haina skrini, kila kitu unakisoma kwenye simu kwa Bluetooth, pamoja na kumbukumbu za siku 30. Kwa betri ya lithiamu, ingia kwanza kwenye mipangilio, kwa sababu ile ya kiwandani ni ya betri za asidi. Ukichagua LiFePO4 inachaji hadi volti 14.2, kisha inashikilia 13.5, bila kubadilisha volti kwa kufuata joto. Linganisha na karatasi ya betri yako.

Masika ni habari nyingine. Mawingu yakikaa, gari ndilo linalotuokoa, kupitia chaja ya DC-DC ya ampia 30, inayochaji betri ya karavani kwa umeme wa gari kwa kiasi: mwendo wa saa moja unarudisha karibu ampia-saa 30. Lithiamu usiiunge moja kwa moja na altaneta (dinamo ya gari). Inavuta ampia nyingi mno, na altaneta inaweza kuungua, hasa injini ikiwa inanguruma tu gari limesimama. Wenye jenereta ndogo, achaneni na ile soketi yake ya volti 12, mara nyingi inatoa ampia 8 hivi tu. Chomekeni chaja nzuri kwenye soketi ya volti 230, mtaokoa petroli nyingi. Na fyuzi iwe jirani kabisa na betri.

Lithiamu ni ghali, hilo sifichi. Anayefika shambani mara mojamoja na hana friji, abaki na betri ya maji na paneli ndogo ya kuiweka imejaa muda wote. Mwenye friji asishuke chini ya wati 200. Saa 5 za jua kali ni wati-saa 1,000 kwenye karatasi, lakini ukitoa joto, vumbi na waya, hesabu 700 hadi 750, na sisi tunazimaliza karibu zote. 75/15 yenyewe mwisho wake ni wati 220 kwenye volti 12. Tukileta friji ya pili kwa ajili ya maziwa, nitahamia 100/30, ambayo inabeba hadi 440.