Intakuli ya mbele na rejeta ya alumini kwenye WRX yangu
Jamani wenye Subaru, kabla hujanunua ile ea klina ya wazi (filta ya hewa isiyo na boksi) yenye sauti tamu soma hapa kwanza. Mi nilianza na hiyo hiyo, muuzaji akaniambia funga tu hamna shida, kumbe bomba lake pana kuliko la kiwandani, sensa ya hewa ikawa inasoma uongo, siku ya pili taa ya injini ikawaka na gari inakohoa ukikanyaga. Nikarudishia boksi la kiwandani na filta mpya, hela nikahamishia kwenye kupooza.

Intakuli (ile inayopooza hewa iliyosukumwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini) ya WRX imekaa juu ya injini chini ya lile tundu la boneti, ukikaa foleni nusu saa inachemka mpaka ukiigusa unavuta mkono, ukija kukanyaga gari nzito kama imebeba mchanga. Nimefunga ya mbele nyuma ya bampa na fundi akaipanga upya kompyuta ya injini (hapo usibanie hela kabisa), sasa hata saa nane mchana inavuta vilevile, ila turbo inachelewa kidogo kuitika sababu mabomba marefu. Rejeta ya alumini niliyofunga nayo safi sana, juzi nimepanda mlima Kitonga mshale wa joto haujatikisika.